Goti Lilikuwa Lile Lile

Mama yangu aliponiuliza ninasomea nini huku ughaibuni, nilimjibu, "Magoti." Kimya kikapita kwenye simu. Halafu akasema, "Magoti tu, mwanangu? Mwaka mzima?" Nikamwambia mwaka na zaidi, tena si goti zima, ni ule utando mweupe unaofunika ncha za mifupa ndani yake. Akacheka mpaka akakohoa. Yeye magoti yanamsumbua tangu mimi niko sekondari, na kwake elimu yote ya magoti ilishatolewa pale mtaani kwetu Tanga: ute umeisha, mifupa inasagana, kunywa supu ya kongoro, na ukikosa kongoro loweka bamia usiku, asubuhi unywe maji yake.

Mimi ni mtu wa mionzi. Kabla ya kuja Uingereza nilikaa miaka sita katika chumba cha eksirei cha hospitali moja ya Dar es Salaam, nikipiga vifua, mikono iliyovunjika na magoti yasiyohesabika. Sasa niko kwenye kikundi cha utafiti katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, tunapima kwa picha mifupa na gegedu, ndio ule utando mweupe. Niliyojifunza huku yamenifanya nione haya kidogo kwa ile miaka sita. Nayaandika kwa ajili ya wenzangu wa fani, na kwa yeyote aliyewahi kushika bahasha ya picha ya goti lake akaitoa akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha bila kujua anatafuta nini.

Si lazima uje Ulaya kuiona gegedu. Nenda buchani, omba mguu wa mbuzi uliokatwa kwenye kiungo, si katikati ya mfupa. Ile ncha ya mviringo, nyeupe inayoelekea kwenye ubuluu, inayong'aa na kuteleza ukiipitisha kidole, ndiyo yenyewe. Kwenye goti la binadamu unene wake ni milimita 2 hadi 4 hivi. Nyuma ya kilegesambwa, ile pia ya goti, inaweza kupita 5. Haina mshipa wa damu hata mmoja. Haina neva. Inakula kwa kuminywa na kuachiwa: ukikanyaga inatoa maji, ukiinua mguu inafyonza ute ulioizunguka pamoja na chakula kilichomo. Kwa hiyo wazee wa mtaani hawakukosea sana kuutaja ute, ila wamechanganya chakula na mlaji. Kinachopungua hasa ni gegedu. Goti bovu wakati mwingine lina ute mwingi kuliko zima, ndiyo maana linavimba. Na kongoro ni tamu, nami naila nikiipata, lakini ikifika tumboni inasagwa kama nyama nyingine yoyote. Haijui njia ya kwenda gotini.

Sasa, eksirei haiioni gegedu. Hili nililijua tangu chuoni, lakini kulijua na kulishika ni vitu viwili. Mionzi inaipita kama inavyopita maji, na kwenye picha unabaki ufa mweusi kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Huo ufa ndio tunaousoma. Ukiwa mpana tunasema gegedu ipo; ukiwa mwembamba tunasema imelika. Tunakisia unene wa godoro kwa kuangalia umbali kati ya mtu na chaga za kitanda. Na umbali huo unategemea kama mtu amelilalia godoro au la.

Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Anakuja mama wa makamo, amepanda daladala mbili, amepanda na ngazi, anafika mlangoni ameshika ukuta. Namwambia, "Pole mama, panda hapa kitandani, jinyooshe, usihangaike." Nampiga picha amelala chali, mguu umenyooka. Picha inatoka safi, ufa mpana. Daktari anaandika kiungo kiko sawa. Mama anarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Sijui niliwafanyia hivyo wangapi. Mamia, nadhani. Chuoni tulifundishwa kwamba goti linapigwa likiwa limebeba uzito wa mwili, lakini stendi yetu ya ukutani ilikuwa haishuki mpaka usawa wa goti, ikabidi mgonjwa apande kistuli ndipo picha iingie. Mgonjwa wa magoti kumpandisha kistuli ni kumtafutia kuanguka, na nje foleni inakohoa. Nikawa nawalaza wote. Nilidhani ninawahurumia.

Siku ya kwanza kwenye chumba cha utafiti nilionyeshwa fremu ya plastiki angavu. Ni kitu cha kipuuzi ukikiangalia: ubao wa kukanyaga wenye alama ya V, na ukuta mdogo mbele. Mshiriki anasimama, vidole vya miguu vinagusa ukuta, magoti yanagusa ukuta, mapaja yanagusa ukuta, na kwa kufanya hivyo magoti yanakunjika yenyewe kidogo. Ile V inaigeuza miguu nje nyuzi 10. Mwale unatoka nyuma ukiwa umeinamishwa nyuzi 10 kwenda chini ili upite katikati ya kiungo kama kisu kinavyopita kati ya vipande viwili vya mkate. Nikauliza kwa nini usumbufu wote huo. Msimamizi wangu hakunijibu kwa maneno. Alinisimamisha mimi, akanipiga picha mbili, moja ndani ya fremu na nyingine nimesimama nipendavyo, akaniambia nipime ufa. Tofauti ilikuwa zaidi ya nusu milimita, goti ni langu, siku ni moja, dakika zimepishana tano. "Mgonjwa anaweza kuchukua miaka kupoteza hiyo nusu milimita," akasema. "Wewe umeipoteza kwa kuhamisha kisigino."

Madaraja tunayotumia mpaka leo kuusoma ufa huo yalitungwa huku huku kaskazini, na madaktari wawili wa Manchester, Kellgren na Lawrence, mwaka 1957. Yanaanzia 0, goti lisilo na dosari, mpaka 4, mifupa imekutana na miiba ya mfupa imeota pembeni. Ni kipimo kikongwe, kila mtu anakilalamikia na kila mtu anakitumia. Nami sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na sisi tunaokipa picha za kulala halafu tukakilaumu kwamba hakioni.

Kazi yangu hasa, lakini, ilikuwa ya MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku badala ya mionzi. Kule Marekani kulianzishwa mwaka 2004 mradi mkubwa wa kufuatilia ugonjwa wa kusagika kwa goti, unaoitwa Osteoarthritis Initiative. Waliandikisha watu 4,796 wa umri wa miaka 45 hadi 79 katika vituo vinne, Baltimore, Columbus, Pittsburgh na Pawtucket, wakawapiga picha za magoti mwaka baada ya mwaka, kwa eksirei na kwa mashine za MRI zenye sumaku ya nguvu ya tesla 3. Uzuri wake ni kwamba picha hizo hazikufungiwa kabatini. Mtafiti wa popote akikubali masharti anazipata. Ndiyo maana binti wa Tanga alikaa kwenye chumba chenye baridi Uingereza akichora ndani ya goti la mtu wa Ohio asiyemjua jina, anayemjua kwa namba tu.

Kuchora ndiko kupima kwenyewe. Kuna aina moja ya picha katika mradi huo inayolikata goti vipande 160, kila kimoja unene wa milimita 0.7, kama mkate wa slesi. Unafungua kipande cha kwanza, unachukua kipanya, unaizungushia gegedu mstari: ukingo wa ndani inapokutana na mfupa, ukingo wa nje inapokutana na ute. Unakwenda cha pili. Ukimaliza, programu inajumlisha na kukupa ujazo. Goti moja lilinichukua siku nzima mwanzoni, baadaye nusu siku. Siku hizi programu zilizofunzwa kwa picha za namna hii zinachora kwa dakika chache, lakini zilifunzwa kwa mistari ya mikono ya watu kama mimi, na msimamizi wetu alishikilia kwamba anayetaka kuiamini mashine aanze kuchora mwenyewe.

Ukingo wa mfupa ni rahisi, mfupa kwenye picha hizo ni mweusi. Balaa liko katikati, pale gegedu ya paja inapoikalia gegedu ya muundi bila ute kati yao. Mbili zinakuwa kijivu kimoja. Mpaka hauonekani, unauamua. Pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, pale ni milimita 0.36 kwa upande mmoja. Ukiwa na gegedu ya milimita 2, ukakosea pikseli moja, umekosea karibu sehemu moja ya tano ya unene wake.

Niliingia kwenye mkutano wetu wa Alhamisi mwezi wa nne nikiwa na jambo. Nilikuwa na magoti mawili kwenye orodha yangu yaliyofanana umbo mno, nikajiaminisha ni mtu mmoja aliyepigwa picha miaka tofauti. Tulifichwa tarehe makusudi, kwa sababu mtu akijua picha ipi ni ya baadaye, mkono wake unaikondesha gegedu bila yeye kujua. Lakini mimi nilijiona mjanja. Goti la pili lilikuwa na ujazo pungufu kwa asilimia 6 upande wa ndani. Goti lenye ugonjwa kwa kawaida linapoteza wastani wa asilimia moja au mbili kwa mwaka, kwa hiyo asilimia 6 ilikuwa habari. Nilitengeneza slaidi. Nilitia na mshale mwekundu.

Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kitabu chake cha funguo za namba, akanigeuzia nisome mwenyewe. Yalikuwa ni goti lile lile, picha ile ile, siku ile ile. Aliiweka mara mbili kwenye orodha yangu kwa namba mbili, moja mwezi wa kwanza na moja mwezi wa nne, kama alivyowawekea wachoraji wote. Kilichopungua kwa asilimia 6 kilikuwa mkono wangu. Mwezi wa kwanza nilikuwa naogopa kukosea, nikawa nachora nje ya ukingo. Mwezi wa nne nilikuwa nimezoea, nikawa nachora ndani.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mwenzangu mmoja aliniambia tukitoka kwamba yeye wakati wake alipata asilimia 8. Nilirudia magoti yote. Yote, wiki tano. Na tangu siku hiyo nilianza desturi ya kufungua kila Jumatatu goti moja la zamani, lile lile, nalichora kabla ya kugusa kazi mpya, kama mshonaji anavyojaribu cherehani kwenye kitambaa chakavu.

Nikaanza kuona jambo hili kila mahali. Hata mkono ukitulia, goti lenyewe halitulii. Mtafiti wa gegedu Felix Eckstein na wenzake walishaonyesha zamani kwamba mtu akichuchumaa na kuinuka mara 50, gegedu ya nyuma ya kilegesambwa inapungua ujazo kwa asilimia 6 hivi, na inachukua zaidi ya saa moja na nusu kurudi. Haijaharibika, imeminywa tu. Kwa hiyo mshiriki akija anakimbia kwa sababu amekosa basi, huwezi kumwingiza moja kwa moja kwenye MRI. Anakalishwa. Tulikuwa na kiti kimoja chenye mto, mshiriki anakaa hapo amenyoosha miguu, anapewa chai, na marufuku kuinuka. Wazee wa huku walikipenda kile kiti. Nilimfikiria mama, ambaye angepimwa saa sita mchana baada ya kuchuchumaa asubuhi nzima akichambua dagaa.

Upande wa mifupa tulitumia DXA, ile mashine ya kupima wingi wa madini kwenye mfupa. Mionzi yake ni midogo kabisa, chini ya eksirei ya kifua, na kipimo ni dakika chache. Huku nilikuta watu walioogopa mkono wao tangu kitambo. Kila asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza, unalaza kitandani kipande cha plastiki chenye pingili nne za bandia, tunakiita fantomu, unakipima. Jibu lake linajulikana. Likipotoka zaidi ya asilimia 1.5, hakuna mtu anayepanda. Kisha mpimaji mwenyewe naye anapimwa: nilipima watu 30 mara mbili mbili, kila mmoja akishuka kitandani na kupanda upya kati ya vipimo, kwa sababu kosa kubwa liko kwenye kulaza mtu. Tofauti zinapigwa hesabu, zinazidishwa kwa 2.77, na linalotoka ndilo badiliko dogo kabisa ambalo mimi, kwa jina langu, nina haki ya kuliita badiliko. Kwa uti wa mgongo kiwango kinachokubalika hakitakiwi kuzidi asilimia 5.3. Langu lilikuwa 3 na kitu, likabandikwa ukutani. Mgonjwa akija mwakani kashuka asilimia 2, siruhusiwi kumtisha.

Kwenye chumba hicho cha DXA ndiko nilikokutana na mama wa Mombasa. Ameishi Uingereza zaidi ya miaka thelathini, alijitolea kwa utafiti baada ya kuona tangazo. Kijana tuliyekuwa naye zamu aliniita kwa sababu picha ya uti wa mgongo ilikuwa na mstari wa chembe chembe uliokatiza pingili ya tatu na ya nne, na mshiriki anasema amevua kila kitu. Nikaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe mna mtu wetu humu!"

Nikainama. "Mama, kiunoni umevaa kitu?"

Alimtazama yule kijana, akanitazama mimi. "Mtoe kwanza huyu."

Kijana akatoka. Mama akacheka kwa sauti ya chini, mkono mdomoni. Alikuwa na kamba tatu za shanga, za kioo, nyekundu na nyeupe. "Hizi hazivuliwi ovyo, mwanangu. Na wameniuliza mkanda, wameniuliza sarafu, wameniuliza sidiria. Shanga mbona hawakuniuliza?" Kweli hawakumuuliza. Fomu ilikuwa na funguo, zipu, vifungo, hereni, na hata vidonge vya kalisi, kwa sababu kidonge kisichoyeyuka tumboni kinahesabiwa kama mfupa. Shanga hazikuwemo. Tukakubaliana: kwa uti wa mgongo shanga zishuke mapajani, kwa nyonga zipande mbavuni. Mfupa wake ukapungua uzito papo hapo, na jibu likawa la kweli. Wiki iliyofuata fomu iliongezwa mstari.

Alipokuwa anavaa akaniomba nimsomee jibu la nyonga. Utaratibu ni daktari amweleze, lakini karatasi ilikuwa mbele yake na namba anaziona. Ilikuwa -1.9. "Hii kutoa ni ya deni?" akauliza. Nikamwambia ni umbali wake kutoka kwenye kundi la kulinganishia, na kwamba Shirika la Afya Duniani tangu 1994 linahesabu -2.5 kushuka chini kuwa osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kudhoofika, kwa hiyo yeye yuko kati.

"Wananilinganisha na nani?"

"Na wasichana wa Kizungu wa Marekani, wa miaka 20 hadi 29. Walipimwa miaka ya themanini mwishoni na tisini mwanzoni."

Akaweka ushungi wake sawa, taratibu. "Mimi wa Majengo, nimezaa sita, na wao wasichana wa Marekani."

Sikuwa na la kusema, kwa sababu ndivyo ilivyo. Kuna hoja ya kutumia kipimo kimoja kwa wote, ili -2.5 ya Mombasa na -2.5 ya Oslo ziwe kitu kimoja, na si hoja ya kipumbavu. Lakini Keneba, kijijini Gambia, watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walikuta wanawake wazee wenye madini kidogo mifupani kuliko wenzao wa Uingereza, wanaokula kalisi ndogo maisha yao yote, na kuvunjika mifupa kwao kulikuwa nadra. Waliichapisha 1996. Mifupa yao ilikuwa inasomeka dhaifu na ilikuwa inabeba kuni. Umbo la mfupa, namna wanavyoanguka, misuli, kazi, yote yamo, na namba moja ya DXA haiyabebi yote. Siku hizi Zimbabwe, Afrika Kusini na Gambia wenyewe wanahesabu nyonga zinazovunjika hospitalini, maana wazee wetu wanaongezeka na hatuwezi kuishi kwa kudhani kwamba Mwafrika havunjiki. Nilimwambia mama wa Mombasa amuulize daktari si namba tu bali hatari yake yote: umri, kama mzazi wake alivunjika nyonga, dawa anazotumia. Akasema atauliza. Akaniachia kaimati kwenye kopo la aiskrimu, nikala na yule kijana.

Nikajitolea na mimi kulazwa kwenye MRI, si kwa ushujaa, walikosa mtu wa kujaribia koili mpya, kile kifaa cha MRI kinachozungushiwa goti. Dakika ishirini za kelele kama fundi wa mabati yuko juu ya paa. Nina miaka 34, napanda ngazi mbili mbili, magoti hayajawahi kuniuma. Kwenye picha, meniskasi yangu ya ndani, ile pedi iliyo kati ya mifupa ya goti, ilikuwa na mstari mweupe, na chini ya gegedu kulikuwa na doa. Kama ningekuwa mgonjwa, ripoti ingeandika mchaniko, na mimi ningeanza kuchechemea jioni ile ile. Mwaka 2012 ilichapishwa kazi iliyofanyika Framingham, Massachusetts: watu 710 wa zaidi ya miaka 50 ambao eksirei zao hazikuonyesha ugonjwa wa kusagika kwa goti. Walipoingizwa kwenye MRI, asilimia 89 walikutwa na walau dosari moja. Wenye maumivu na wasio na maumivu, wote hivyo hivyo karibu. Gegedu haina neva, nimeshasema. Maumivu yanatoka kwingine, kwenye utando wa kiungo uliovimba, kwenye uboho wa mfupa uliochubuka chini ya gegedu, na picha inaweza kuonyesha hayo pia, ila anayeisoma lazima awe na mtu mzima mbele yake, si goti peke yake.

Hili ndilo linalonitia hasira na biashara ya ripoti. Mtu analipa pesa nyingi, anapewa karatasi yenye maneno kumi ya kutisha, hakuna anayemwambia kwamba jirani yake asiyeumwa naye angeweza kupata baadhi ya hayo. Anaacha kutembea. Misuli ya paja inakonda, goti linakosa wa kulishika, na sasa linauma kweli.

Mwezi uliopita mama alikwenda hospitali, magoti yamezidi. Dada yangu akanitumia picha kwa WhatsApp: filamu ya eksirei imebandikwa kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, nyuma yake unaona mwembe wetu na kamba ya nguo. Na karatasi: nafasi ya kiungo iko sawa, hakuna tatizo la mfupa. Mama alikuwa na furaha. Nikaikuza picha. Mguu umenyooka kama rula. Ufa mpana, mzuri, sawasawa pande zote mbili.

Nikapiga simu. "Mama, walipokupiga picha, ulikuwa umesimama au umelala?"

"Kusimama wapi, mwanangu, na hali hii! Kulikuwa na binti mmoja pale, mzuri kweli, ana adabu. Kaniona nashika ukuta, akaniambia pole mama, panda hapa, jinyooshe, usihangaike. Nimemwombea dua."